Hesabuni Deni Kabla ya Kuvaa Joho

Wapendwa, somo letu linatoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, aya ya kwanza hadi ya saba. Lisomeni wenyewe katika Biblia zenu, maana ni fupi na kila aya ina uzito wake. Humo yumo mama mjane anayemlilia nabii Elisha. Mumewe amekufa. Alikuwa mcha Mungu, tena alikuwa mmoja wa wana wa manabii, wale waliokaa miguuni pa walimu wao kujifunza. Alikuwa mwanafunzi, ndugu zangu! Akafa na deni shingoni, na mdai wake yuko njiani kuja kuwachukua watoto wawili wa kiume wakawe watumwa.

Nimelichukua somo hili kwa ajili ya kila nyumba yenye kijana aliyemaliza kidato cha sita. Matokeo yakitoka, nyumba hizo hupata siku moja ya vigelegele na miezi miwili ya maswali. Asome nini? Chuo gani? Mkopo atapata? Vijana hunijia baada ya ibada, hasa hawa wa tahasusi za HGL, HKL na HGK, wameshika simu zenye orodha ya kozi, na jina linalorudi mara kwa mara ni sosholojia. Wananiuliza: Mchungaji, niikubali?

Watu wazima tumewajibu vibaya. Mmoja anacheka na kumwambia mtoto kwamba hiyo ni kozi ya kwenda kukaa kijiweni. Mwingine anamwambia asome chochote, Mungu atafungua mlango. Wa kwanza anamvunja mtoto moyo bila kumpa namba hata moja. Wa pili analitumia jina la Mungu kukwepa kazi ya kukaa chini na kalamu. Mungu tunayemhubiri hakuwahi kuwakataza watu wake kuhesabu. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, aliwapa wasikilizaji wake mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na jambo la kwanza alilomtaka mtu huyo afanye ni kukokotoa gharama. Ndugu zetu Waislamu nao wana aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na habari yake ni deni: liandikwe, lishuhudiwe, muda wake ujulikane. Ikiwa maandiko yameipa habari ya deni nafasi kubwa namna hiyo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kutia sahihi ya udhamini kwenye fomu ya mtoto bila hata kuuliza kiasi?

Leo tutahesabu. Lakini kabla ya kalamu, niseme wazi kwamba elimu hii ni njema, na asiwepo wa kumdharau anayeipenda. Martin Luther King alipomaliza chuo cha Morehouse mjini Atlanta mwaka 1948, shahada aliyokabidhiwa ilikuwa ya sosholojia. Hapa kwetu Tanzania, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Chachage Seithy Loth Chachage aliifundisha hiyo hiyo, na mtu huyo huyo ndiye aliyetuandikia riwaya za Almasi za Bandia na Makuadi wa Soko Huria. Naamini asingeziandika vile kama asingekuwa mwanasosholojia. Jicho linaloona nani anakula na nani analiwa katika soko ni jicho lililofundishwa. Alifariki mwaka 2006 na pengo lake bado tunaliona. Taifa lililohesabu watu 61,741,120 katika sensa ya 2022 linawahitaji sana watu wanaoweza kueleza kwa nini binti anaacha shule, kwa nini kijiji kinakataa chanjo, kwa nini mkulima na mfugaji wanatoana damu kwenye bonde lile lile walilogawana babu zao kwa amani.

Hayo yote ni kweli. Ila usiende na jina la King dukani ukitegemea kupewa unga. King mwenyewe hakuishia pale: alikwenda Crozer kusoma theolojia, kisha Boston, akapata udaktari mwaka 1955. Shahada ile ilikuwa msingi wa nyumba, na juu ya msingi akajenga. Kijana anayedhani msingi peke yake utamkinga na mvua, mvua itamwambia.

Chukueni karatasi. Ada na mshahara nitakavyovitaja ni vya mfano, kila nyumba iweke namba zake. Makato ni ya sheria na taratibu zilizopo.

Shahada ya sosholojia ni miaka mitatu. Pesa ya kujikimu, ile vijana wanayoiita bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku na ikapandishwa ikawa 10,000. Tukichukua siku 240 kwa mwaka wa masomo, ni shilingi 2,400,000, na kwa miaka mitatu ni 7,200,000. Tuseme ada ni 1,200,000 kwa mwaka na Bodi ya Mikopo imeibeba yote: 3,600,000. Vitabu, viandikio na mafunzo kwa vitendo tuvipe 1,200,000 kwa miaka yote mitatu. Jumla ni shilingi 12,000,000. Ongeza ada ya uendeshaji wa mkopo ya asilimia 1, yaani 120,000. Siku kijana anavaa joho, mama anapiga kigelegele, shangazi anamvisha shada la maua, jina lake liko kwenye daftari na mbele yake pameandikwa 12,120,000.

Litazameni deni hilo limetengenezwa na nini. Asilimia 60 ya mkopo wenyewe ni chakula na malazi. Darasa, ambalo ndilo lililompeleka, halifiki theluthi. Mwanafunzi unayenisoma, shika neno hili: bumu linaloishia kwenye simu ya kushindana na wenzio na kwenye starehe za mwisho wa wiki utalirudisha ukiwa na mke na watoto, mwezi kwa mwezi, na hutakumbuka hata ulikula nini. Mkopo si zawadi ya serikali. Ni mshahara wako wa kesho umeletewa leo.

Sasa mshahara wenyewe. Kijana amebahatika, amepata kazi serikalini, mshahara wa msingi ni shilingi 800,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, ambayo ni 40,000. Kodi ya mapato kwa 760,000 zinazobaki ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Kisha Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Makato yote ni 252,000. Kinachofika benki ni 548,000. Kwa mwendo huo, asipofukuzwa, asipougua, mwajiri asiporuka mwezi hata mmoja, deni litaisha baada ya miezi 101. Ni miaka minane na miezi mitano. Akipanda cheo litaisha mapema zaidi. Aliyeanza kukatwa akiwa na miaka 26 anakaribia 35 siku anapoandikiwa kwamba hadaiwi tena. Na ndani ya ile 548,000 kuna pango, nauli, chakula, zaka, na wadogo zake ambao walisubiri zamu yao muda wote alipokuwa chuoni.

Msiseme namtisha mtoto. Namwonyesha barabara kabla hajaianza.

Kuna jambo jingine lazima wazazi walijue. Asilimia hiyo 15 haikuwa 15 siku zote. Ilikuwa 8, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ndiyo yaliyoipandisha. Watu waliokopa wakijua watakatwa nane walijikuta wanakatwa karibu mara mbili. Kwa hiyo anayekopa asipige hesabu ya kubana mpaka senti ya mwisho. Aache nafasi, maana masharti yanaweza kubadilika akiwa tayari ndani yake. Lakini tuwe wakweli pande zote, kwa sababu yamebadilika kwa wema pia. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kwenye mkopo wa shilingi 12,000,000, tozo ile ingekuwa 720,000 kwa mwaka, wakati kijana wetu wa mfano analipa 1,440,000 kwa mwaka. Nusu ya jasho lake ingemezwa kabla deni halijaguswa. Wapo waliolipa miaka na miaka wakiuliza salio na kukuta limepungua kidogo sana, wakafika mahali pa kukata tamaa. Kufutwa kwa tozo ile kulikuwa ukombozi, na anayejua historia yake hawezi kuinyamazia.

Basi nasema bila woga: deni la Bodi, kwa masharti ya sasa, ni deni lenye huruma. Halizai. Mishahara ikipanda, lenyewe linabaki pale pale, na kila mwaka uzito wake unapungua. Wenzetu wa Kenya hulipa HELB, bodi yao ya mikopo, riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekwepa hutozwa faini ya shilingi za Kenya 5,000 kila mwezi. Marekani, alikosomea King, leo watu zaidi ya milioni 40 wanadaiwa mikopo ya serikali ya masomo, na jumla yake inazidi dola trilioni 1.6. Ukilinganisha, wetu ni mzigo unaobebeka.

Hatari imekaa kwenye mlango wa kazi, na hapo ndipo sosholojia inataka mtu mwenye macho.

Muuguzi ana baraza lake na leseni yake. Mhandisi, mfamasia na wakili kila mmoja ana daftari ambalo asiyeandikwa humo haruhusiwi kugusa kazi ile. Mwanasosholojia hana ukuta huo. Nafasi ya afisa maendeleo ya jamii ikitangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, anaomba yeye, anaomba aliyesoma maendeleo ya jamii Tengeru, anaomba wa ustawi wa jamii, anaomba wa mipango, anaomba wa jinsia na maendeleo. Wote wana sifa. Nafasi yenyewe ni ya mmoja au wawili kwa halmashauri nzima. Nafasi ambayo ni ya mwanasosholojia peke yake ni adimu sana, na nafasi zilizo wazi kwa kila mwenye shahada zina foleni ya kutisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji walizidi 135,000. Ni zaidi ya watu 80 kwa kila kiti. Nilipoona namba ile niliwafikiria wazazi: kila mmoja katika wale 80 ana mama yake anayefunga na kuomba mtoto wake apate.

Mlango mwingine mpana wa wahitimu hawa ulikuwa miradi ya wafadhili. UKIMWI, lishe, haki za wanawake, vijana walio nje ya shule. Kwa miaka mingi miradi hiyo iliwalipa wahitimu wengi, mara nyingine vizuri kuliko serikali, na vijana wakaingia sosholojia wakiwatazama kaka na dada zao waliokuwa wakipita mtaani na magari yenye nembo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mikataba ikakatika ghafla. Watu waliojenga maisha juu ya mradi wa miaka mitano wakaamka hawana mradi. Nimekaa na baadhi yao, nimeomba nao, na nawaambia ninyi mnaoingia sasa: mshahara wa mradi ni halali na ni mzuri, ila msiuhesabu kama mshahara wa kudumu. Ukiupata, lipa deni lako haraka ungali unaingia, zaidi ya ile asilimia 15 kama unaweza.

Na asiyepata ajira yoyote? Sheria inampa mhitimu miezi 24 kabla ya kudaiwa. Ikipita, aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi au si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Pigeni hesabu hapo, wapendwa. Kwa kijana anayeuza nguo za mtumba na kubakiwa na 300,000 kwa mwezi, shilingi 100,000 ni theluthi ya riziki yake. Mwenzake mwenye 800,000 za uhakika anakatwa asilimia 15 tu. Mwenye kidogo ndiye anayebanwa zaidi, na kwa laki moja kwa mwezi atamaliza baada ya zaidi ya miaka kumi. Wabunge wetu mnaosoma haya, lichukueni jambo hili bungeni. Ni haki kila mtu alipe, na ni haki vile vile kila mtu alipe kwa kadiri ya mkono wake.

Ni katika kipindi hiki cha kungoja ambapo adui mwingine huingia. Simu inatoa mlio, programu inamwambia atapata laki mbili sasa hivi bila dhamana. Anachukua. Baada ya wiki mbili anapigiwa yeye, anapigiwa mama yake, anapigiwa hata mzee wa kanisa, wote wanatukanwa. Mtaani wanaiita kausha damu, na damu kweli inakauka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kijana mwenye shahada, nakusihi kwa jina la Bwana: deni la Bodi linakuvumilia, hilo la simu halitakuvumilia. Usilishe la pili kwa kulikimbia la kwanza.

Sasa turudi kwa Elisha, maana hapa ndipo penye mahubiri yenyewe.

Yule mama alitegemea nini? Labda nabii amwendee mdai amsihi. Labda amtolee pesa. Elisha hakufanya lolote kati ya hayo. Hakumwambia deni ni batili, na hakumwambia alikimbie. Alimuuliza ana nini ndani ya nyumba. Mama akajibu kana kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa moja ya mafuta. Akaagizwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani, tena vingi. Akafunga mlango akamimina. Mafuta yakaendelea mpaka chombo cha mwisho kikajaa, ndipo yakakoma. Kisha akapewa utaratibu: auze, alipe deni, na kitakachobaki kiwe chakula chake na wanawe. Kulipa kulitangulia, kula kukafuata.

Kijana wa sosholojia, nakuuliza swali lile lile. Baada ya miaka mitatu, utakuwa na nini ndani ya nyumba? Usinijibu kwa jina la shahada. Jina la shahada wanalo maelfu. Nijibu kwa kitu ambacho mikono yako inaweza kufanya na mtu akakulipa. Unaweza kutengeneza dodoso ambalo mama wa Nkasi atalielewa bila kueleweshwa? Unaweza kuchukua majibu ya kaya 600, ukayaingiza kwenye kompyuta, ukayasafisha, ukayachambua, na ukaandika kurasa kumi ambazo mkurugenzi atazisoma mpaka mwisho? Unaweza kukaa na wazee watatu wenye kinyongo, ukawasikiliza bila kuwakatiza, ukatoka na ukweli ambao hakuna aliyeusema kwa mdomo? Hayo ndiyo mafuta. Yamo ndani ya kozi hii hii inayochekwa, ila wengi wanapita miaka mitatu hawajafungua chupa.

Mnakimbia takwimu! Nawajua. Somo la takwimu likija mnasema ninyi ni watu wa Arts, mnatafuta wa kuwafanyia zoezi, mnaomba supu, yaani mtihani wa marudio, isiwakute. Ndugu yangu, unakimbia chakula chako. Sensa ya 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, na makarani walioajiriwa walikuwa wengi wao vijana kama wewe. Mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, una kilomita 1,443, na umepita kwenye mashamba, migomba na makaburi ya watu. Kabla bomba halijalazwa, mtu alipaswa kwenda kaya kwa kaya, kuandika nani anaishi wapi, amepanda nini, kaburi la nani liko wapi na wenyewe wanataka lihamishwe kwa utaratibu gani. Kazi ile ni sosholojia tupu, nayo ina malipo. Waliopewa ni wale waliokuja na ujuzi tayari mkononi.

Na vyombo vya kuazima? Ni vingi, wala haviko mbali. Idara jirani zina masomo ya hiari: uchumi, ramani za kompyuta, usimamizi wa miradi, Kifaransa, sheria za ardhi. Chukua yale magumu. Wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, usitafute ofisi ya mjomba ili ukagongewe muhuri kwenye kitabu na kurudi nyumbani. Nenda mahali watakapokutuma kijijini ukachafuke viatu. Likizo, jitolee kukusanya data za watafiti hata kwa posho ya nauli, ujifunze. Yule mama aliagizwa asiazime vyombo vichache, na kiasi cha mafuta aliyopata kilitegemea vyombo alivyoleta. Hapo Mungu aliuacha mlango mkubwa mikononi mwa juhudi ya mtu.

Sasa nageukia wakuu wa vyuo, Tume ya Vyuo Vikuu na Bodi yenyewe, na naomba mnivumilie kwa sababu nitasema kwa uchungu. Mwongozo wa udahili humwambia mtoto sifa za kuingia, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Haumwambii waliotoka wanalipwa nini. Marekani, serikali inaendesha huduma iitwayo College Scorecard, ambapo tangu mwaka 2015 mzazi anasoma kipato na deni la waliopita katika kila chuo, na tangu 2019 anaweza kusoma mpaka kwa kozi. Binti wa Chicago anaweza kuona sosholojia ya chuo fulani inalipa kiasi gani kabla hajajaza fomu. Binti wa Sengerema anaingia gizani.

Na msituambie taarifa hakuna. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa kila mkopaji aliyeajiriwa. Anayejua asilimia 15 anajua na mia nzima. Bodi inajua alisoma kozi gani, chuo kipi, alihitimu lini, na ni lini makato ya kwanza yaliingia. Ndani ya daftari hilo limo jibu la swali ninaloulizwa kila Jumapili: kati ya wahitimu mia wa sosholojia wa chuo hiki, wangapi walikuwa kazini baada ya miaka miwili, na yule wa katikati alilipwa kiasi gani? Hatutaki majina ya watu. Tunataka ukurasa mmoja kwa kila kozi, utolewe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Mnatukopesha mabilioni ya walipa kodi. Tupeni na mwanga wa kuyatumia. Mnaogopa kozi zitakosa wanafunzi? Kozi njema haitakosa. Isiyo njema, ni nani anayefaidika ikiendelea kufichwa?

Kwako uliyehitimu na kujificha, neno langu ni fupi. Umebadilisha namba ya simu, umekaa kimya, unasema serikali ina pesa. Dawa ya deni ni kulipa. Makusanyo ya Bodi ndiyo yanayomkopesha mdogo wako anayeingia mwaka wa kwanza, na ukizuia chako, yuko mtoto wa maskini atakayebaki nyumbani na matokeo yake mazuri. Zaburi ya 37 inamtaja mtu anayekopa na kutorudisha, na haimpi jina zuri. Nenda ukaulize salio lako. Kama huna kazi, sema huna kazi, uandikwe hivyo. Kama una kidogo, anza na hicho. Kuna amani ambayo huijui mpaka ulipe mwezi wa kwanza.

Na wazazi, ninyi ndio nilioanza nao moyoni. Mtoto akiwaambia anaitaka sosholojia, msicheke na msikubali kwa haraka. Mwulizeni anataka kufanya kazi gani kwa mikono yake. Mpeni mtu wa kuzungumza naye aliyesoma kozi hiyo miaka mitano iliyopita, aliyefanikiwa na asiyefanikiwa, wote wawili. Andikeni deni, andikeni mshahara mnaoutegemea, toeni makato, muone kinachobaki. Wekeni pembeni yake kozi nyingine mbili alizopata, na stashahada ya ufundi au ya afya kama ana sifa, mfanye hesabu hiyo hiyo kwa kila moja. Ikiwa baada ya yote hayo mtoto bado anaiona kozi hii, anajua atajifunza nini ndani yake na yuko tayari kukatwa miaka minane bila kulalamika, mwachieni aende na mwombeeni, kwa sababu nchi inamhitaji. Ikiwa anaitaka kwa kuwa rafiki zake wanakwenda, au kwa kuwa ameambiwa haina hesabu, mzuieni kwa upendo wote mlio nao.

Dirisha la mkopo likifunguliwa, msisubiri siku ya mwisho. Kaeni mezani mzazi, mdhamini na mtoto, someni mkataba mstari kwa mstari kabla ya sahihi, ulizeni msichokielewa, na nakala yake ibaki nyumbani.